Laini ya Pili ya Bi Mwanatumu

Jumapili, Tanga. Mvua ya vuli inanyesha tangu alfajiri, na moyo wangu hauna raha.

Chai imepoa mbele yangu. Mama kanigongea mlango mara mbili kuniuliza kama naumwa, nimemjibu siumwi. Nimejifungia niandike. Jana nilisema kwa mdomo wangu jambo ambalo nimelificha wiki tatu, na najijua: nisipoliandika leo, baada ya mwezi nitaanza kulipunguza. Nitasema lilikuwa dogo. Nitasema mitandao ndivyo ilivyo, leo ipo kesho haipo.

Halikuwa dogo.

Mnaonisoma siku zote mnaijua kazi yangu. Kwa mgeni niseme tu kwamba mimi ni fundi wa mitandao. Nafunga routa zinazotumia laini za simu, huko vijijini ambako waya wa intaneti haujafika na pengine hautafika. Routa inakula laini kama simu inavyokula, kisha inaigeuza kuwa wifi ya nyumba nzima. Zile nzuri zina nafasi mbili. Unaweka laini ya kampuni hii na laini ya kampuni ile, unaipangia kwamba ya kwanza ikizima ihamie ya pili yenyewe, bila mtu kugusa kitu. Ikipangwa vizuri mwenye nyumba hatajua hata kama kulikuwa na tatizo.

Ikipangwa vizuri.

Miezi miwili iliyopita alinipigia mwanamke kutoka Maskati. Anaitwa Zuhura, mzaliwa wa kijiji kimoja kupita Moa, karibu kabisa na mpaka. Anashona abaya huko, mwaka wa sita sasa. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, nikadhani ana mafua. Akaniambia mama yake, Bi Mwanatumu, magoti yamemkatalia, hatoki nje ya ua. Nyumbani kwao simu haishiki ndani, mpaka utembee hadi kisimani ndipo upate vijiti viwili. Ameshamtumia mama tableti isiyo na laini, anataka nimfungie routa na antena juu ya bomba refu, waonane kila siku.

"Na nataka laini mbili, fundi," akasema. "Sitaki hata siku moja mama anitafute anikose."

Nikamwambia aondoe shaka.

Nilikwenda siku ya Jumatano. Bi Mwanatumu nilimkuta kakaa kwenye mkeka barazani, mfupi, mweupe wa nywele, macho hayapitwi na kitu. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba na kuniuliza nimekula nini tangu nitoke Tanga. Alikuwapo na mkwewe, Mwanakombo, mke wa mwanawe Bakari. Bakari mwenyewe ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njiani. Mwanakombo ndiye aliyekuwa anamwashia mama tableti na kumbonyezea. Nilipokuwa nawaeleza kwamba sasa nyumba itakuwa na wifi, Bi Mwanatumu akamtazama mkwewe, akanitazama mimi.

"Mwanangu, wifi yake Zuhura si huyu hapa? Wewe umemletea wa pili?"

Tulicheka mpaka Mwanakombo akakaa chini. Nakumbuka nilivyowapenda watu wale siku ile. Ndiyo maana inaniuma kuandika yanayofuata.

Laini ya kwanza ilinisumbua saa tatu nzima. Pale mpaka ni karibu mno, na antena ikiwa juu haitazami pasipoti. Kila nikiiwasha routa inaruka kushika mnara wa Kenya, na laini ikiwa roming inakula bando kama moto unavyokula makuti. Ikabidi nifunge roming kabisa, niichagulie mnara wa kwetu kwa mkono, nigeuze antena kidogo kidogo huku Mwanakombo kashika ngazi chini. Tulipoipata ilikuwa imeshapita alasiri. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa bahari na bodaboda aliyenileta alikuwa anapiga honi nje, maana njia ile ikinyeshewa haipitiki.

Laini ya pili niliifanya kwa dakika tano. Kila kampuni ina jina lake la njia ya intaneti, lile tunaloliita APN, na ni lazima uliandike sawasawa la sivyo laini inakaa tu, vijiti imejaza, intaneti haina. Mimi nilinakili mipangilio ya laini ya kwanza nikaibandika kwenye ya pili ili niirekebishe baadaye. Nikahifadhi. Honi ikalia tena.

Kujaribu ni kazi ndogo sana. Unachomoa laini ya kwanza, unasubiri dakika mbili tatu, unaangalia kama ya pili imeshika. Basi. Hata mtu asiye fundi anaweza.

Sikujaribu.

Nina fomu ninayoijaza kila kazi, niliitunga mwenyewe ili nionekane fundi wa maana. Mstari wa mwisho unasema: *Laini ya pili imejaribiwa na inafanya kazi.* Nikatia alama ya vema. Nikapiga picha, nikamtumia Zuhura. Akanijibu kwa sauti, ile sauti yake ya kukwaruza: "Mungu akubariki, dada yangu. Umenitua mzigo."

Wiki zikapita. Walikuwa wanaonana kila siku baada ya magharibi. Mwanakombo aliwahi kunipigia kutoka kisimani kunishukuru tu.

Halafu ikaja Jumamosi ile, wiki tatu zilizopita.

Kesho yake kulikuwa na harusi ya binamu yangu hapa mjini. Saa kumi jioni nilikuwa nimekaa kwa mchora hina, miguu yote miwili imechorwa mpaka juu ya kifundo, haijakauka, nimeambiwa nisiinuke. Simu ikaita. Alikuwa Bakari, yuko Dodoma na lori.

"Dada Saumu, samahani. Nyumbani kule hakuna mtandao tangu asubuhi. Mnara umezima, na kijiji kizima wanatumia kampuni hiyo hiyo, simu hazipatikani. Si ulisema kuna laini ya pili?"

Nilipoambiwa hivyo nilijua. Niliiona APN ile mbele ya macho yangu, niliiona kama jina lililoandikwa kwenye bango. Nilijua kitu gani kimekosekana na nani kakikosea.

"Itakuwa inachelewa kuhama," nikamwambia. "Wazime waiwashe tena."

"Nitamwambiaje, dada, na simu haiingii? Zuhura yuko hospitali kule Maskati. Kesho asubuhi anafanyiwa operesheni ya koo. Anataka kuongea na mama leo."

Nikaitazama miguu yangu.

Kutoka hapa mpaka kwa Bi Mwanatumu ni mwendo wa saa moja na nusu. Ningeondoka dakika ile ningefika kabla ya magharibi. Hata kama nisingeondoka, ningeweza kumpigia bodaboda wangu wa Moa, nikamwambia achukue simu yenye laini ya kampuni nyingine, ampakie bibi mpaka mahali panaposhika. Namba yake ninayo. Haya yote yalinijia baadaye, siku ambayo hayakuwa na faida. Saa ile nilichowaza ni hina, na gauni langu lililokuwa bado kwa fundi cherehani.

"Kesho asubuhi na mapema nitakwenda mwenyewe," nikasema.

Akasema, "Sawa, dada. Ahsante."

Aliniambia ahsante.

Jumapili nilifika saa tatu kasoro. Mwanakombo alinipokea, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Taarifa ilikuwa imeshawafikia usiku, Bakari alimpata mtu wa Horohoro akapanda pikipiki kuwaambia, lakini mtu yule alifika usiku mkubwa na simu yake nayo ilikuwa ya kampuni ile ile ambayo mnara wake pale kijijini umezima. Bi Mwanatumu alikuwa kakaa palepale barazani, tableti mapajani, tasbihi mkononi. Hakuniuliza nimekula nini.

Nikafungua routa. Laini ya pili imejaza vijiti vyote. APN ni ya kampuni nyingine. Nikafuta, nikaandika iliyo sahihi, nikahifadhi. Nilitazama saa bila kukusudia: dakika nne.

Tableti mapajani mwa bibi ikaanza kulia. Ujumbe, ujumbe, ujumbe. Saba za sauti, zote za jana yake.

Mwanakombo akaja kubonyeza. Ningeweza kutoka nje, lakini miguu haikunipeleka. Nikazisikia.

Ya kwanza alikuwa anacheka. Shikamoo mama, leo umelala mapema kama kuku? Ya pili na ya tatu alikuwa anauliza tu, mbona kimya. Ya nne ndiyo aliyoeleza, maana mpaka hapo mama yake alikuwa anajua ni uvimbe mdogo tu. Alisema ni saratani, wanaondoa kisanduku chote cha sauti. Alisema amemficha kwa sababu alitaka amwambie wakiwa wanaonana uso kwa uso.

Ya mwisho niliisikia mara moja na nimeihifadhi neno kwa neno bila kutaka:

"Mama, kesho nikiamka sina sauti tena. Nitakuwa naandika. Nilikuwa nataka uniambie umeniwia radhi kuja huku, maana nilikuja hutaki. Uniambie nikusikie, na mimi nikuitikie kwa mdomo wangu. Basi hilo tu. Nimekuita sana leo."

Saa tuliyokuwa tunausikiliza sisi, alikuwa ameshaingizwa chumba cha operesheni.

Bi Mwanatumu hakulia kwa sauti. Aliishika tableti kwa mikono miwili akaisogeza karibu na mdomo, akaanza kusema, "Nimekuwia radhi, mwanangu, nimekuwia radhi, Zuhura," mara nyingi, na Mwanakombo hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba hajabonyeza kitu, hairekodi.

Ndipo Bakari alipopiga. Sasa wifi ilikuwapo, akapiga kwenye tableti, nikaonekana na mimi nyuma. Akauliza, "Fundi, tatizo lilikuwa nini?"

Ilikuwa sentensi moja tu. *Mimi sikuijaribu laini ya pili.* Nilikuwa nayo mdomoni.

Nikasema, "Inaonekana kuna aliyechomoa waya wa umeme. Hizi ukizichomoa hovyo mipangilio inapotea."

Uongo. Haipotei. Unaweza kuichomoa mara mia.

Nilidhani sijamsingizia mtu. Nilidhani nimesema "kuna aliyechomoa" kama unavyosema "kuna upepo." Lakini nyumba ile ina watu wazima wawili, na mmoja hawezi kuinuka. Nikamwona Mwanakombo kaweka mkono mdomoni.

"Ni mimi," akasema. "Juzi nilichomoa nikapiga pasi nguo za shule. Nikarudisha. Wallahi nilirudisha."

Niliinama nikaanza kukunja nyaya zangu.

Nilirudi Tanga nikawahi harusi. Nilicheza. Watu waliisifu hina yangu.

Wiki tatu hizi sijalala vizuri, lakini nisijipambe: sikuwa nimeamua kusema. Nilikuwa nimeamua kusahau. Nilijiambia Zuhura amepona operesheni, alhamdulillahi, mama yake amempa radhi siku ya nne alipoweza kushika simu, yeye akamsikia na kuitikia kwa kichwa. Nilijiambia mnara ndio uliozima, si mimi. Kuna siku nilijiambia hata nikisema sauti haitarudi, na hilo ni kweli, ndiyo maana lilinifariji zaidi ya mengine.

Alhamisi iliyopita Bakari akanipigia tena. Kwa upole ule ule. Anataka nimtengenezee kisanduku cha kufuli cha kufungia routa na soketi yake, ufunguo akae nao mama.

"Kwani kuna nini?" nikauliza.

"Basi tu, dada. Yasijirudie yale. Mke wangu nimempeleka kwao Maramba, apumzike. Mama hawezi kukaa naye sasa hivi. Kila akimwona anakumbuka."

Nilimwambia nitakuja Jumamosi. Nilipokata simu nilikaa kitandani na kitabu changu cha kazi. Ukivunja haki ya Mungu, unaomba msamaha kwa Mungu. Haki ya mja lazima umwendee mja mwenyewe. Tumefundishwa hivyo chuoni tangu tukiwa watoto tunalia tukichapwa, na sikuwahi kuelewa kwa nini ustadhi alikuwa analikazia mpaka Alhamisi ile.

Jana nikaenda. Sikuchukua kisanduku chochote.

Bakari alikuwapo, kapumzika safari. Bi Mwanatumu barazani. Nyumba ilikuwa kimya na ua haujafagiwa, kwa jinsi nilivyoizoea ile nyumba nilishtuka. Waliniletea bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wa kuchoma. Nikasema siwezi kula mpaka niseme nililojia.

Nikasema. Nilitaka kuanza na mnara, na honi ya bodaboda, na wingu. Nikajizuia. Nikasema laini ya pili niliipanga vibaya, sikuijaribu, nikaandika nimeijaribu. Nikasema siku aliyonipigia nilijua kosa ni langu na sikuja kwa sababu ya hina. Nikasema waya hauhusiki, Mwanakombo hana kosa hata punje, nilidanganya.

Bakari akainuka. Nilidhani atanipiga, na sijui kwa nini, nilitamani anipige. Akatoka mpaka ukutani, akasimama katupa mgongo, mikono kichwani.

Bi Mwanatumu ndiye aliyeongea.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa ananiita, na mlango umeufunga wewe."

"Ndiyo, mama."

"Na mke wa mwanangu nimemfukuza bure."

"Ndiyo, mama."

Akachezea ncha ya mkeka.

"Nilimwambia maneno yule mtoto wa watu," akasema, na sasa alikuwa hasemi na mimi. "Yapo niliyomwambia siwezi kuyarudia hapa mbele ya watu. Akanyamaza. Alikuwa ananisikiliza huku ananiosha miguu."

Kisha akaniinulia uso. "Usitume salamu. Usipige simu. Bakari atakupeleka Maramba, ukamwambie mwenyewe, kama ulivyoniambia mimi. Na hiyo 'mama' uniitayo, iache kwanza."

Nikapanda nyuma ya pikipiki ya Bakari. Tulifika Maramba adhuhuri. Mwanakombo alikuwa uani kwa mama yake anachambua machungwa, anatenga mabovu. Alipomwona mumewe aliinuka haraka, aliponiona mimi akasimama.

Nikasema tena yote. Mara ya pili haikuwa rahisi zaidi. Ilikuwa ngumu zaidi, maana yeye ndiye aliyeshika ngazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, chungwa mkononi.

"Nimeacha kupiga pasi," akasema. "Unajua? Watoto wangu wanakwenda shule na makunyanzi, walimu wanawasema. Wiki tatu mimi najua nimemkosesha Zuhura radhi ya mama yake. Zuhura, aliyeninunulia kanga za harusi yangu. Na wewe ulikuwa umesimama pale unakunja waya."

"Nisamehe, Mwanakombo."

"Sijakusamehe." Alisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayesoma kilichoandikwa. "Nikikusamehe nitakutafuta, namba yako ninayo. Usinitafute wewe."

Bakari akamsogelea, akaanza kusema turudi nyumbani. Akamtikisia kichwa. "Aliyenitoa ni mama yako. Aje mama yako."

Bakari akasema magoti ya mama anayajua.

"Nayajua kuliko wewe," akajibu. "Mimi ndiye ninayeyakanda. Aje."

Kwa nilivyosikia, kesho Bakari anakodi bajaji. Bi Mwanatumu, ambaye hajatoka ua wake mwaka wa pili, amesema atapakiwa hata kama ni kwa kubebwa na kiti. Sijui watamalizana vipi. Si mahali pangu kujua.

Nilibakiwa na mtu mmoja. Huyo nilimwandikia jana niliporudi, maana sasa ndivyo anavyozungumza. Nilimwandikia Zuhura yote, hina, fomu, uongo. Nilikuwa naogopa kwamba namwongezea mgonjwa maumivu ili mimi nipumue. Bado sina hakika kama sikufanya hivyo.

Amenijibu leo asubuhi. Nanakili kwa idhini yake, nilimwomba.

"Saumu, nimesoma mara tatu. Nina hasira na wewe na nitakuwa nayo muda mrefu, sina sauti ya kukupigia kelele kwa hiyo jione umepigiwa. Lakini nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku ile ujumbe wangu haukufika, mimi nilidhani mama amezima tableti makusudi. Nilidhani amehisi ninataka radhi na hataki kunipa. Waliponiambia ni mnara, kisha waya, nikasema wananituliza, mgonjwa hasemwi ukweli. Hata aliponipa radhi siku ya nne, nilidhani kanihurumia tu kwa kuwa nimekatwa. Leo ndiyo nimejua hakunizimia. Ungesema siku ile ile ningejua wiki tatu zilizopita."

Nimesoma mstari wake wa mwisho mpaka herufi zikapoteza maana.

Nilikuwa nikidhani nimeficha kosa langu. Kumbe kosa nililoficha lilikuwa ndilo dawa ya mtu. Kule Maskati kuna mwanamke alilala na bomba shingoni wiki tatu anaamini mama yake amemkataa, na dawa yake ilikuwa sentensi moja iliyokaa kwenye mdomo wangu, hapa Tanga, ninakula nayo, nacheka nayo, nalala nayo.

Sina cha kuongeza juu ya hilo.

Asubuhi hii, kabla ya kuanza kuandika, nilikichukua kitabu changu cha kazi nikapitia fomu moja moja. Nilikuwa najaribu kukumbuka, kwa kila nyumba, kama kweli nilichomoa laini ya kwanza nikasubiri. Baadhi nakumbuka vizuri. Nyingine kumi na moja, alama ya vema ipo na kumbukumbu haipo. Kuna madrasa moja. Kuna mzee wa Kigombe anayeishi peke yake, watoto wake wako Pemba na Unguja, kila siku saa mbili wanamtazama kama ameamka.

Kesho naanza na huyo wa Kigombe. Najua nikibisha hodi atafurahi, ataagiza chai, ataniuliza nimepotelea wapi. Kabla sijakaa nitamwambia: Shikamoo baba, nimekuja kujaribu kile nilichokuandikia kwamba nimekijaribu.